Ufa wa Tatu

Njia ya kwetu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Sita,
inaanzia getini, inapita ubavuni mwa kibaraza,
inakata kona penye pipa la maji,
inaishia jikoni, nyumba ya uani.
Zege tupu. Hatua ishirini na saba za mama,
kumi na nane zangu.

Baba aliimwaga mwaka ule saruji ilipokuwa
ikitoka kiwandani Pongwe na kutupita machoni
kwenda inakokujua.
Mifuko sita aliipata kwa kibali, wa saba kwa maneno matamu,
wa nane hakuupata.
Ndiyo maana kipande cha mwisho, pale jikoni,
ni kokoto nyingi na saruji ya kunusa.

Shekue, mdogo wangu, katuma pesa kutoka Mwanza na neno moja:
wekeni pevingi.

Fundi Semkiwa alikuja kwa baiskeli,
nyundo ya mpira imefungwa kwa katani nyuma ya kiti.
Nikamwambia, vunja, sururu nimeshaazima.
Akachuchumaa, akaligonga zege kwa kifundo cha kidole
kama anayebisha hodi ukweni.
"Huyu bado mzima. Kapasuka ngozi, mfupa haujatitia.
Utamvunjaje mtu kwa sababu ya makunyanzi?"

Basi tukamsugua, brashi ya chuma na sabuni ya unga,
kuvu likatoka, na mafuta ya taa ya miaka,
tukaziba nyufa zote tatu kwa uji wa saruji,
tukamwaga vumbi la mawe.
Semkiwa akavuta uzi toka getini mpaka jikoni,
akafumba jicho moja.
"Maji hayana adabu," alisema.
"Usipoyaonyesha pa kutokea, yatalala sebuleni."
Akaipa njia mteremko wa vidole viwili.

Chekundu, kijivu, chekundu,
to, to, to, nyundo ya mpira,
na Bi Mashavu juu ya ukuta: "Mnajenga uwanja wa ndege?"
Njia ikapanda. Mlango wa jikoni ukagoma kufunguka;
tukaung'oa, tukaukata chini kwa msumeno,
mninga ukanuka upya kama haujawahi kuwa mlango.

Siku ya tatu, alasiri, kazi ikaisha.
Mama akavua makubazi.
Mama, ambaye macho yalimuaga polepole,
kwanza maandishi, kisha nyuso, kisha dirisha.
Akaenda. Hatua ya kumi na tisa akasimama,
mkono hewani, ukilitafuta pipa
ambalo alikwisha kulipita.
"Mmenihamishia wapi?"

Tulidhani anahesabu.
Kumbe ufa wa kwanza ni kibaraza, shika nguzo.
Wa pili, kamba ya nguo, inama.
Wa tatu, pinda.
Miaka kumi na moja alikuwa akisoma kwa unyayo,
nasi na sabuni yetu ya unga tukalifuta daftari.

Semkiwa alikuwa ameshafunga vifaa.
Hakusema kitu. Akafungua katani.
"Nionyeshe, mama."
Mama akanyoosha kidole gumba cha mguu: hapa. Na hapa.
Wa tatu aliutafuta muda mrefu,
akaingia mpaka jikoni, akaanza upya kinyumenyume,
akasema, hapa, kama Mungu hajanidanganya.
Kwa bisibisi mbili fundi akang'oa safu tatu,
akavigeuza vitofali kifudifudi, tumbo juu.
"Tumbo lake lina mikwaruzo," alisema. "Mguu utalisikia."
Pesa ya ziada alikataa, chai akanywa vikombe viwili.

Alfajiri nikaamshwa na nyayo zake uani.
Kibaraza. Kimya kidogo.
Kisha sauti, nusu hasira, nusu kicheko:
"Mwambieni fundi wa pili kauweka mbele mno,
nimekumbatiana na shuka!"

Sikumwita fundi.
Niliisogeza kamba.